Kuunganisha: Utangulizi wa Somo la Safari ya Stashahada hadi Shahada

Ukiingia maktaba ukitafuta maandishi ya somo hili, kwanza utashangaa jinsi rafu yake ilivyo nyembamba. Kuhusu mwanafunzi wa kidato cha sita anayeingia chuo kikuu kumeandikwa mengi: tahasusi yake, alama zake, mkopo wake, hata chakula chake. Kuhusu aliyemaliza kidato cha nne, akaenda chuo cha kati, akapata stashahada, akafanya kazi kidogo au akakaa bila kazi, kisha akaamua kuunganisha digrii, maandishi ni machache. Na mengi ya hayo machache ni matangazo ya mamlaka: nani aruhusiwe, nani azuiwe. Huku madarasani yeye si mgeni. Ingia karakana yoyote ya uhandisi Mbeya au darasa lolote la ualimu Iringa, utamkuta, mara nyingi akiwa na umri mkubwa kuliko wenzake, na mara nyingi ndiye anayejua swichi ya mashine iko wapi.

Somo letu linauliza jambo moja, mengine yote ni matawi yake. Mtu huyu anapotoka chuo na kuingia chuo kikuu, anaingia na nini, na ni nani anayekihesabu? Nakuomba ulishike swali hilo mapema, kwa sababu utakutana na jingine linalofanana nalo ambalo litakupoteza: kwamba je, wenye diploma wana akili sawa na wa fomu siksi? Hilo limepotezewa miaka mingi na wino mwingi, nami nakushauri uliache lilipo.

Wanafunzi wangu wapya napenda kuwaanzishia somo hili Ruaha Mbuyuni. Ni kata ya Wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa, kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia, bondeni penye joto na mibuyu, ambako Mto Ruaha Mkuu unapita kabla magari hayajaanza kupanda mlima Kitonga. Abiria wanapajua kwa vitunguu. Basi likipunguza mwendo tu, vijana wanafika dirishani na vifungu, na nyuma yao, pembeni mwa barabara, yamepangwa magunia yanayosubiri malori. Chuo kikuu hakuna. Anayetaka kusoma kupita sekondari atapanda Kitonga kwenda Iringa, kwenye Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa au kile cha Kikatoliki cha Ruaha. Au ataendelea na safari hadi Igurusi na Uyole kwenye vyuo vya kilimo, na Mbeya kwenye chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, MUST. Au atashuka upande wa pili hadi Morogoro, kwenye chuo kikuu cha kilimo, SUA. Kwa hiyo swali la mtu aendako na anachobeba linaonekana hapa wazi kuliko mjini, ambako kijana hutoka chuo kimoja hadi kingine kwa daladala moja.

Kuna sababu nyingine ya kuanzia hapa, nayo ni lumbesa. Kila mkulima wa vitunguu anaijua: gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezwa kilemba juu na kushonwa kwa kamba, lakini mnunuzi analihesabu kama gunia moja. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo amekuwa akipiga marufuku lumbesa miaka nenda rudi, ila shambani mwenye bei ndiye mwenye neno. Mhitimu wa stashahada anapofika kwenye udahili wa chuo kikuu, yanayomkuta yanafanana sana na haya. Amebeba miaka mitatu ya masomo na mafunzo kwa vitendo. Inahesabiwa sifa moja ya kuingilia.

Tuone inavyokuwa. Kijana anayemaliza kidato cha nne huwa ameshajaza fomu ya Selform, akichagua tahasusi za kidato cha tano na vyuo vya kati. Akichaguliwa chuo, au akijipeleka mwenyewe, anaingia kwenye ngazi zinazoitwa NTA: ya 4 na ya 5 ni astashahada, ya 6 ni stashahada, kwa kawaida mwaka mmojammoja, jumla mitatu. Ngazi ya 7 na ya 8 zinafikia shahada. Mfumo huu unasimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi, lililoundwa kwa sheria ya 1997 likiitwa NACTE, nalo leo, baada ya kukabidhiwa pia mafunzo ya ufundi stadi, linaitwa NACTVET. Vyuo vikuu vina msimamizi mwingine, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ya sheria ya 2005. Nyumba ni mbili na kila moja ina mwenyewe. Sehemu kubwa ya matatizo ya somo letu inakaa kwenye ukuta uliopo kati yake.

Kwa familia ya mkulima, njia ya chuo cha kati ina mantiki ambayo watu wa mjini hawaioni haraka. Kidato cha sita baada ya miaka miwili kinakupa haki ya kuomba nafasi nyingine ya kusoma, basi. Stashahada baada ya miaka mitatu inakupa fani: uuguzi, umwagiliaji, ufundi umeme, uhasibu. Bei ya vitunguu ikianguka msimu wa ada, mwenye fani anaweza kusimama na kufanya kazi, akarudi shuleni baadaye. Kwa hiyo usimwandike mtu wa diploma moja kwa moja kuwa ni aliyeshindwa kwenda kidato cha tano. Wapo walioshindwa, na wapo waliopiga hesabu.

Sasa amemaliza na anataka kuunganisha. Kitabu cha mwongozo cha TCU kinamweka kwenye kundi la "sifa linganishi". Kwanza kinamuuliza matokeo ya kidato cha nne: ufaulu wa masomo manne, kuanzia D. Kisha stashahada yenye GPA isiyopungua 3.0. Kwa wenye cheti cha zamani cha ufundi, FTC, ni wastani wa C, kwa stashahada ya ualimu ni wastani wa B. Hapo kaa kidogo uangalie hesabu yenyewe. Katika ngazi ya 6 ya NTA, A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, na daraja la pili la chini linaanzia 2.7. Maana yake mwenye 2.9 ana stashahada halali ya daraja la pili, anaajirika, anaweza kuandikishwa kwenye bodi ya taaluma yake, lakini kuingia chuo kikuu moja kwa moja hawezi. Kwa ajili yake na wenzake kuna programu ya awali ya Chuo Kikuu Huria, inayopokea wenye stashahada kuanzia GPA ya 2.0 na kuwataka watoke na 3.0 ya huko. Ni mwaka mzima kwa ajili ya pengo la 0.1. Nikiwaonyesha wanafunzi wangu mfano huu wengi hucheka, wachache hunyamaza, nami huwa najua hao wachache wamepitia wapi.

Halafu kuna AVN. Mhitimu wa chuo cha kati hatumi cheti chake chuo kikuu hivihivi. Anaomba kwa NACTVET namba ya uhakiki wa tuzo, analipia, na chuo kikuu kinatumia namba hiyo kuyapata matokeo yake. Pembeni ya AVN kwenye fomu anaandika namba ya mtihani wa kidato cha nne, ile yenye S mwanzoni. Akichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja anathibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Akitaka mkopo, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili. Ukiona uhakiki umezidi, kumbuka kwamba mwaka 2017 uhakiki wa watumishi wa umma uliwakuta karibu 10,000 wakiwa na vyeti vya kughushi. Woga huo una sababu. Ila angalia kinachohakikiwa: kwamba cheti ni cha kweli na ni chako. Mashine yote hii haina hata sehemu moja inayouliza ulijifunza nini.

Nikupe mfano ninaoutumia zaidi kuliko yote, kwa kuwa unauma. Tabibu mwenye stashahada ya utabibu amesoma miaka mitatu: anatomia, fiziolojia, famakolojia, magonjwa ya watoto, uzazi. Amepelekwa zahanati ya barabarani, ambako ajali ya lori Kitonga inaweza kumfikia saa nane usiku. Baada ya miaka kadhaa anaomba kusomea udaktari. Kitabu cha TCU kinamtaka awe na GPA ya 3.0 na, pamoja na hiyo, walau D za kidato cha nne kwenye Hisabati, Fizikia, Kemia, Baiolojia na Kiingereza. Kama alipata F ya Hisabati akiwa na miaka 17, F hiyo inasimama mbele ya kazi yake yote. Arudi kuufanya mtihani huo upya kama mtahiniwa wa kujitegemea, na wapo wanaofanya hivyo, wakikaa kwenye dawati moja na watoto wa rika la wanao. Akivuka hapo anaanza mwaka wa kwanza wa udaktari, miaka mitano, na anatomia anaisoma tena kuanzia mfupa wa kwanza.

Nasikia daktari bingwa akinijibu: anatomia ya tabibu na anatomia ya daktari hazina kina kimoja. Ana haki. Wahandisi nao wanasema hivyohivyo kuhusu hisabati, na kwa maoni yangu wao ndio wenye hoja nzito zaidi, kwa sababu mwenye stashahada ya ufundi ambaye karakana inampenda anaweza kabisa kuzama kwenye kalkulasi muhula wa kwanza, akachukua sapu mbili tatu kabla hajaelea. Ninachobisha ni kwamba hoja hii haijapimwa. Ingepimwa, tungekuta moduli ambazo ni kweli zirudiwe, na tungekuta nyingine ambazo mtu anakalishwa darasani asikilize anachoweza kukifundisha.

Kipimo chenyewe kipo, na ndicho kinachonishangaza. Upande wa TCU krediti moja ni saa 10 za kujifunza, mwaka kamili ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu haipungui 360. Upande wa NTA nao wanatumia krediti za saa 10. Fedha ni ileile, ila haibadilishiki mpakani. TCU ina utaratibu wa kukusanya na kuhamisha krediti, lakini huo unamfaa hasa anayehama chuo kikuu kwenda chuo kikuu kingine. Anayetoka stashahada, kwa kawaida, anaanza moja.

Haikuwa hivi wakati wote. Azimio la Musoma la 1974 liliamua kwamba kijana asitoke shule moja kwa moja hadi chuo kikuu: afanye kazi kwanza, na maoni ya mwajiri na ya chama yatazamwe pamoja na alama zake. Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pakaja watu wa makamo, walimu, makarani, mafundi. Azimio lile lilikuwa na kasoro zake, na maoni ya tawi la chama yaliweza kumwonea mtu, nalo likalegezwa kidogokidogo. Lakini kwa kipindi kile uzoefu ulihesabiwa waziwazi kuwa sehemu ya sifa. Mabaki yake leo ni mtihani wa RPL chini ya TCU, wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, ambao wengi wanaoufaa hawajawahi kuusikia.

Na vyuo vyenyewe vimeunganisha. MUST ilianza 1986 kama Chuo cha Ufundi Mbeya, ikitoa mafundi wa FTC. Mwaka 2005 ikawa taasisi ya sayansi na teknolojia, na 2012 ikawa chuo kikuu. Mkwawa ilikuwa sekondari, ikawa chuo cha ualimu, na tangu 2005 ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Taasisi ilipopanda ngazi, majengo, ardhi na baadhi ya walimu vilihesabiwa vyote kuwa mtaji wake, na hakuna aliyeitaka ianze upya msituni. Mhitimu wa FTC wa jengo lilelile akirudi kuomba shahada, yeye ndiye anaanza mwaka wa kwanza.

Viwango navyo hupanda na kushuka, na mtafiti mpya ajue kuvisoma pamoja na siasa ya mwaka wake. Mwaka 2016 TCU ilipandisha GPA ya kuingilia kutoka stashahada hadi 3.5, baadaye ikashushwa hadi 3.0. Mwaka huohuo wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi waliondolewa Chuo Kikuu cha Dodoma. Waliokuwa na 3.2 mwaka ule hawakuwa na upungufu wowote ambao wenzao wa mwaka uliotangulia hawakuwa nao. Ukikusanya historia za maisha za kizazi kile, utakuta watu waliochelewa miaka miwili au mitatu kwa sababu ya tarehe tu.

Ng'ambo ya bahari somo hili ni kongwe, na itakubidi ulisome, ila kwa tahadhari. Marekani ina vyuo vya jamii zaidi ya 1,000, cha kwanza kikiwa Joliet, Illinois, mwaka 1901, vilivyopewa tangu mwanzo kazi ya kufundisha miaka miwili ya kwanza ya shahada ili chuo kikuu kimalizie miwili. Huko ahadi ya kuhesabiwa imo kwenye ramani yenyewe. Mwaka 1960 mwanasosholojia Burton Clark aliandika kwamba kazi ya vyuo hivyo isiyotajwa ni kuwapoza wanafunzi matumaini taratibu, hadi waone wenyewe kwamba chuo kikuu hakiwafai. Mwaka 1965 mtafiti mwingine, John Hills, akaonyesha jinsi alama za wanaohama zinavyoshuka muhula wa kwanza, na wengi huinuka tena baadaye. Na mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria kwamba wanaohama vyuo hupoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Soma hiyo 43 ukiwa umekaa Ruaha Mbuyuni. Wao wanalalamika kwa kupoteza chini ya nusu; sisi tunapoteza karibu zote na hatuna hata jina la hasara hiyo kwenye takwimu zetu, kwa kuwa kisichoahidiwa hakihesabiwi kuwa kimepotea. Kwa upande mwingine, Mmarekani wa leo bado anapambana na vyuo visivyoelewana kimoja na kimoja, wakati kwetu kitabu kimoja cha TCU kinamwonyesha kijana wa Ruaha Mbuyuni masharti ya nchi nzima. Hilo tusilidharau.

Mengi yamebaki wazi, na ndiyo sababu nakukaribisha. Fedha, kwa mfano. Bodi ya Mikopo ilianza kazi 2005, na wanafunzi wa stashahada wa vyuo vya kati wakaanza kupata mikopo 2023/24 tu, tena kwa fani zilizochaguliwa. Kwa miaka yote iliyotangulia, mzazi alilipa stashahada kwa gunia, kisha mtoto akaanza mwaka wa kwanza akitegemea mkopo ambao asingeuhitaji wote kama miaka yake ingehesabiwa. Hesabu hiyo ya kaya, stashahada pamoja na shahada pamoja na mishahara iliyokosekana, inamsubiri mchumi mwenye subira. Kuna suala la wanawake: wauguzi na walimu, taaluma zenye wanawake wengi, ndio wanaounganisha wakiwa na ndoa na watoto, na miaka inayorudiwa haiwagharimu sawasawa na waume zao. Kuna Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, chenye vituo mikoani, ambako mwalimu wa shule ya msingi anasoma bila kuacha darasa lake. Sijui njia nyingine iliyowabeba watu wengi wa namna hiyo kimyakimya, nayo haijaandikwa inavyostahili.

Kwa anayeanza, kazi ya kwanza ninayompa ni ya mezani. Achukue mtaala wa stashahada ya umwagiliaji na ule wa shahada ya uhandisi wa umwagiliaji wa SUA, auweke mmoja kushoto na mwingine kulia, apitie moduli kwa moduli. Penye mada ileile na kina kilekile aweke alama ya kijani. Penye mada ileile na kina tofauti, ya njano, na aandike tofauti ni ipi: ni mlinganyo gani, ni jaribio gani la maabara. Penye jambo jipya kabisa, nyekundu. Asiamini majina ya moduli. Afungue maswali ya mitihani. Kisha aende na karatasi hiyo kwa mwalimu wa stashahada, kwa mkuu wa idara chuo kikuu, na kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyeunganisha, na kila penye kijani awaulize kwa nini hurudiwa. Aandike majibu yote kama yalivyotoka, likiwamo lile la "ndivyo tulivyokuta", ambalo atalisikia mara nyingi.